Mteremko wa Basi Mseto

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika kabla ya alfajiri, jua likachomoza bila wingu, na kufikia saa nne asubuhi lami ya barabara ya mlimani ilikuwa kavu kama ukuni. Hakuna ambaye angeweza kusema basi liliteleza.

Maiti ililala chini ya ukuta wa mawe wa zahanati, imefunikwa shuka la kijani lililotolewa wodini. Kiatu kimoja cheupe kilikuwa bado mguuni. Cha pili kilikuwa katikati ya barabara, kimesimama wima, kana kwamba mwenyewe amekivua ili aingie ndani.

Inspekta alifunua shuka, akatazama, akafunika. "Ee Mola, mpokee," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akainuka, maana kazi ilikuwa inamngoja.

"Nani huyu?"

"Muuguzi wa hapa hapa," Sajini alijibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na wa ulimi. "Alikuwa anatoka zamu ya usiku. Kachelewa kuondoka kwa sababu alibaki kumzalisha mama mmoja."

"Huyo mama kajifungua salama?"

"Salama, afande. Mtoto wa kike."

Inspekta aligeuka. Alilitazama basi.

Lilikuwa limeuma ukuta kwa pua. Basi jipya, jeupe, lenye majani yaliyochorwa ubavuni. Ni moja ya mabasi mseto, yanayotumia dizeli na umeme kwa pamoja, ambayo jiji lilikuwa likiyajaribu kwenye njia za milimani kabla ya kuagiza mengine. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umechunika wote. Ukuta nao ulikuwa na mkwaruzo mrefu uliopanda na barabara hadi mbali.

"Mwanamke na mlima wapi na wapi!" kijana mmoja alipaza sauti nyuma ya utepe wa polisi. "Si ndiyo hayo sasa!"

"Wewe si ndiye uliyeanguka na baiskeli jana pale sokoni?" Sajini alimgeukia. "Tena tambarare. Tena umesimama."

Watu walicheka, kijana akajificha nyuma ya wenzake. Lakini Inspekta alikuwa ameshajua jambo moja. Hukumu ya mtaa ilikuwa tayari imetoka, hata kabla damu haijakauka.

Mtu mmoja aliinama akapita chini ya utepe bila kuomba ruhusa. Alivaa ovaroli safi juu ya shati na tai. Alijitambulisha kuwa ndiye Injinia mkuu wa karakana ya mabasi.

"Mimi ndiye niliyefika wa kwanza," alisema. "Karakana yetu ni pale, nyumba ya tatu. Niliingia ndani peke yangu kukata umeme wa betri, basi lisije likashika moto."

"Ulifanya vizuri. Dereva?"

"Kapelekwa hospitali. Mama mmoja, wanamwita Mama Pole, eti kwa kuwa anaendesha taratibu." Akashusha sauti. "Sipendi kumsema mtu akiwa na maumivu, afande. Lakini tazama chini ya kiti chake."

Inspekta alipanda. Kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika vipande vidogo kama chumvi ya mawe. Vilikuwa vimejaa kwenye usukani, kwenye kiti, sakafuni, hata ndani ya mkoba wa dereva uliokuwa wazi. Chini ya kiti palikuwa na chupa ya pombe kali, imebaki robo.

Alipiga magoti. Chupa ililala juu ya vipande vya kioo. Na juu ya chupa yenyewe hapakuwa na kipande hata kimoja.

Alimwita mpiga picha wa polisi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kupiga. Akavaa glavu, akaitia chupa kwenye mfuko wa vielelezo.

"Inasikitisha," Injinia alisema kutoka mlangoni.

"Sana," Inspekta alijibu.

Chini, kwenye ukingo wa barabara, alikuwa amekaa mzee mwenye saruji mikononi. Alikuwa mwashi, ameitwa kutoka kazini. Ndiye baba wa muuguzi. Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole nimepewa nyingi leo, mwanangu. Utanisaidia kuzibeba?" Macho yake yalikuwa makavu. "Mimi nataka aliyeniulia mtoto. Wananiambia ni yule mama, kalewa. Mfungeni. Mimi sitaki maneno."

"Nipe muda, mzee."

"Muda ninao. Mtoto ndiye sina."

*

Mama Pole alilazwa wodi ya majeruhi, mkono umevunjika, paji la uso limeshonwa. Mkono wake mzima ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Nani kaamuru hii?" Inspekta aliuliza.

Askari wa zamu alisimama wima. "Mkuu wa Kituo, afande."

"Anadhani atakimbilia wapi, na mguu wenyewe umevimba hivi? Fungua!"

Askari alifungua. Mama Pole aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, kope zimevimba kwa kulia.

"Mama, ulikunywa leo?" Sajini aliuliza.

"Mimi? Mwanangu, mimi hata dawa ya kikohozi naiuliza kwanza ndani ina nini."

Daktari aliyekuwa anaandika pembeni aliinua uso. "Tumempima damu, na askari wenu kampima kwa kipima ulevi. Hakuna pombe. Hata harufu yake."

"Nieleze ulivyoshuka, mama," Inspekta alisema.

Alifumba macho. "Nilianza kushuka polepole. Pale kona ya kwanza nikaachia mafuta. Haya mabasi ukiachia mafuta yanajishika yenyewe, kama mtoto anavyoshika gauni la mama yake. Ndiyo maana nayapenda. Yale ya zamani yalikuwa yanakohoa kupanda na yanalia kushuka. Haya yanapanda kimya, na kushuka yanajishika. Leo halikujishika. Likaniacha."

"Ukafanyaje?"

"Nikakanyaga breki. Zikashika. Nikakanyaga tena, zikashika kidogo. Zikaanza kunuka. Kona ya shule nikakanyaga, mguu ukazama kama nakanyaga maji. Nikavuta breki ya mkono. Wapi!" Machozi yalimtoka. "Pale chini kituoni watu walikuwa wamejaa, wanawake na watoto migongoni. Nikasema hapana. Nikalibana ukutani. Nikasema lichunike, life na ukuta, wasife watu. Yule binti katoka getini. Sikumwona, mwanangu. Naapa mbele za Mungu, sikumwona."

"Na kule juu, kabla ya kushuka? Nani alikuwepo?"

"Kulikuwa na wageni. Mimi waliniambia nisimame nje na mkoba wangu..."

Wahudumu wawili waliingia na kitanda cha magurudumu. Daktari alisema mkono ule ni lazima uungwe sasa hivi, maswali mengine baadaye.

Kwenye korido simu ya Inspekta iliita. Alikuwa Mkuu wa Kituo.

"Kesho asubuhi huyo dereva afikishwe mahakamani. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari. Maandishi yawe tayari."

"Hana pombe mwilini, mkuu."

"Basi alisinzia."

"Mkwaruzo wa ukuta unaanzia mbali sana. Mtu aliyesinzia habani basi ukutani makusudi."

"Inspekta, wakubwa wa jiji wamenipigia simu mara mbili. Mabasi yale hawataki yatiwe doa."

"Na binti aliyekufa, yeye nani kapiga simu kwa ajili yake?"

Simu ilikatika. Inspekta alibaki ameishika. Mama mzima kachagua ukuta ili kituo kizima cha watu kisife, na malipo yake ni pingu na uongo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu walitaka kumnyonga na haki yake wailaze kaburini pamoja na muuguzi.

*

Basi lilivutwa hadi uwanja wa polisi. Mkaguzi wa magari, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa tayari amelala chini yake.

"Toka huko utuambie," Sajini alisema.

"Ningetoka kama tumbo lingeniruhusu. Njooni nyinyi."

Inspekta alijilaza ubavu kwenye gunia. Mkaguzi alimulika tochi kwenye gurudumu. Diski ya breki ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, na pedi zake zimekauka na kung'aa kama kigae.

"Zimeungua," Mkaguzi alisema. "Zote. Huyu dereva alikuwa amekanyaga breki mlima mzima. Aliyelala hakanyagi breki."

"Zilikuwa mbovu?"

"Mpya kabisa. Lakini breki za basi hili hazikuundwa kushika peke yake mlima kama ule. Kuna mota ya umeme. Likipanda, mota inasaidiana na injini, na betri inatumika. Likishuka, mota inageuka kuwa jenereta. Inalivuta basi nyuma, na nguvu ya mteremko inarudi kwenye betri. Dereva anagusa breki kidogo tu. Kwa mji wa milima kama huu, afande, mimi nasema wazi, sijaona basi linalofaa zaidi. Kile kinachoyaua mabasi mengine, yaani mteremko, hili linakigeuza chakula."

"Leo mteremko umeliua."

"Ndicho kinachonikera tangu nimelala hapa. Mota nimeipima, nzima. Nyaya nzima. Betri nayo nimeipima." Alikohoa. "Imejaa pomoni."

"Si umesema likishuka inajaa?"

"Nimesema."

Inspekta alikaza macho kwenye diski ile ya buluu. Alifikiri polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Ngoja. Kama betri ilijazwa na mteremko, basi mota ilikuwa inalishika basi."

"Naam."

"Na kama mota ilikuwa inalishika, breki zisingeungua."

"Naam."

"Breki zimeungua. Kwa hiyo mteremko haukuijaza. Ilikuwa imejaa tangu juu."

Mkaguzi alizima tochi. "Betri iliyojaa haina pa kuweka kitu, afande. Mota inakosa pa kupeleka nguvu, inaachia. Ni sawa na kummiminia mtu maji wakati kinywa chake kimejaa. Ila kuna jambo haliniingii akilini. Basi hilo likipanda mlima ule linafika juu betri iko karibu kwisha. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa! Lifike na njaa, lishuke likila. Kufika juu limejaa, haiwezekani. Ni lazima mtu alijaze palepale."

"Linajazwaje?"

"Nyuma kuna kifuniko. Ndani kuna swichi ya mafundi wa karakana. Ukiiwasha, injini inanguruma na kuijaza betri basi likiwa limesimama. Kwenye ukuta wa karakana yoyote yenye mabasi haya kuna onyo limeandikwa kwa herufi nyekundu: usiitumie kabla ya mteremko."

"Afande," Sajini alisema taratibu. Alikuwa ameshika simu yake. "Hebu ona hii. Kamati ya usafiri ya jiji wameitangaza wenyewe asubuhi, kwa furaha zao."

Ilikuwa picha. Wajumbe watano wenye suti walikuwa wamejibana mbele ya usukani, meno nje. Katikati, Injinia alikuwa akionyesha kwa kidole kipimo cha betri. Mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa upande wa kujaa. Nyuma yao, dirishani, kulionekana paa la kituo cha juu ya mlima. Chini ya picha waliandika: *Lapanda mlima mzima, lafika limejaa!*

"Wanacheka," Inspekta alisema. "Wanacheka mbele ya kifo chenyewe, wamekipiga na picha."

*

Kituo cha juu kilikuwa na paa la mabati, choo, vibanda vichache, na ng'ambo ya barabara ukumbi mdogo. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye futi shingoni. Nje aliweka kamba ya nguo. Alipowaona polisi hakungoja kuulizwa.

"Mmekuja kunilipia mashati?"

"Mashati gani, dada?"

"Haya!" Alitoa rundo la mashati meupe ya shule. Yalikuwa na vumbi jeusi la moshi, mengine hadi kwenye kola. "Yalikuwa kwenye kamba. Wamesema mabasi hayo hayatoi moshi yakisimama, nami nikaamini, nikasogeza kamba karibu. Kweli siku zote likifika hapa linazima, husikii hata pumzi. Leo likanguruma limesimama, moshi kama tanuri la matofali!"

"Leo saa ngapi?"

"Mara tu lilipofika, kabla wageni hawajatoka kunywa chai kule ukumbini. Mama Pole alikuwa ameingia chooni."

"Nani aliliwasha?"

"Si yule bwana mwenye tai na ovaroli? Alipiga magoti nyuma ya basi, kafungua mlango mdogo, anatazama saa, anatazama ukumbini. Nilimwambia, 'Kaka, unanichafulia kazi!' Akaniambia, 'Vumilia, dada, ni maendeleo.'" Alilipiga rundo kwa kiganja. "Maendeleo ndiyo haya, yafue basi!"

Sajini aliuma mdomo asicheke. Inspekta hakucheka.

"Mama Pole alirudi wageni wakiwemo?"

"Wamejaa mle, wakamwambia apishe. Kasimama hapa kwangu na mkoba wake, kama mtumishi wa nyumbani. Walipoanza kuondoka na magari yao, akapanda. Akapiga kelele dirishani, 'Mwanangu Injinia! Mbona betri imejaa? Huku juu huwa haijai!'"

Inspekta aliacha kuandika. "Una hakika?"

"Masikio yangu ni mazima. Yule bwana alikuwa anapanda gari la mwisho la wageni. Akamjibu, 'Mama, wewe kazi yako ni usukani. Shuka upesi, abiria wanangoja chini.'"

Upepo ulipita. Shati moja lilianguka. Hakuna aliyeliokota.

"Aliuliza," Inspekta alisema hatimaye. "Mama aliuliza, Sajini. Jibu moja tu la kweli, neno 'ngoja' tu, na yule binti angekuwa amelala kwao sasa hivi baada ya zamu."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na taa iliyotundikwa kwa waya. Kabla ya kuingia, Inspekta alisimama mlangoni akainamisha kichwa. Aliomba asimpige mtu. Kisha akaingia.

Alimsomea Injinia onyo: ana haki ya kunyamaza, na atakalolisema litatumika mahakamani.

"Sina cha kuficha," Injinia alisema.

"Vizuri. Basi lilifika juu betri ikiwaje?"

"Imejaa."

"Baada ya kupanda mlima?"

"Ndivyo lilivyoundwa."

"Hakuna aliyegusa kitu pale juu?"

"Hakuna."

Inspekta aliweka picha mezani. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Ni picha ya heshima."

Sajini aliweka shati jeusi kwa moshi juu ya picha. "Na hii ni heshima yako pia."

Injinia alilitazama. Kidole chake kilianza kusugua ukingo wa meza.

"Ni shati tu."

"Mwenye shati alikuona umepiga magoti. Alikusikia ukimjibu Mama Pole. Nikukumbushe maneno?"

"Mafundi cherehani wanasema mengi."

"Breki nazo zinasema mengi. Zimeungua, na betri imejaa. Wewe ni injinia. Niambie mimi nisiyesomea, hayo mawili yanakutanaje kwenye basi moja linalofika juu na njaa, kama hakuna aliyeligusa?"

Injinia aliinua macho kwenye taa.

"Nisaidie, Injinia. Yanakutanaje?"

"Hayakutani," alisema kwa sauti ndogo.

Inspekta aliweka mfuko wa vielelezo mezani. Chupa iligonga ubao.

"Na hii?"

"Ya dereva."

"Maabara wameitafutia alama za vidole. Haina. Si za dereva, si za muuzaji, si za mtu yeyote. Chupa iliyonywewa robo tatu na hakuna aliyeishika. Uliifuta."

"Mimi?"

"Kioo cha mbele kilivunjika kikamwagika juu ya kila kitu mle ndani, hata ndani ya mkoba. Chupa ilikuwa juu ya kioo. Iliwekwa baada ya ajali. Na baada ya ajali, kabla yetu, aliyeingia ni mmoja. Ulisema mwenyewe."

Injinia alifungua tai, akaivua kabisa, akaiweka mezani.

"Nilimnyang'anya mlinzi wa karakana wiki iliyopita," alisema. "Ilikuwa kwenye droo yangu. Gari la wageni lilikuwa limenishusha karakana tu, nikasikia kishindo. Nikajua kabla sijafika. Nikaichukua, nikakimbia."

"Yaani muuguzi yuko chini, dereva anavuja damu, na wewe kitu cha kwanza ulichokumbuka ni droo?"

"Ndiyo."

Sajini aligeuza uso ukutani.

"Kwa nini uliijaza betri?"

Alipoanza, maneno yalimtoka kama maji machafu bombani, kwa mikupuo.

"Kamati walikuja mwezi uliopita. Basi likapanda vizuri, kimya, bila kukwama. Nilitegemea sifa. Mwenyekiti akatazama kipimo, mshale uko chini. Akasema mbele ya watu wote, 'Injinia, hili limefika limechoka. Gari la kuchoka la nini?' Wakacheka. Nilijaribu kueleza kwamba linatakiwa kufika hivyo. Hakuna aliyesikiliza. Nikakasirika, nikasema kwamba wakija tena watalikuta limejaa. Nikaahidi. Na walisema mradi ukipita, mimi ndiye nitakayeongoza karakana zote za jiji."

"Kwa hiyo basi halikuwa na kosa."

"Halikuwa na kosa lolote."

"Lilipanda kama linavyotakiwa kupanda."

"Ndiyo."

"Na wewe uliona haya kwa njaa yake, mbele ya watu wasiojua kusoma kipimo. Ukaona afadhali liwapendeze."

"Nilidhani breki zitatosha. Mara moja tu. Nilidhani zitatosha."

"Mama Pole alipokuuliza, kwa nini hukumwambia asubiri?"

"Dirisha la gari lilikuwa wazi. Mwenyekiti angesikia."

Inspekta aliweka kalamu chini. Mikono yake aliificha chini ya meza.

"Mwenyekiti angesikia," alirudia. "Andika hivyo hivyo, Sajini. Usipunguze neno."

*

Jumatano asubuhi ukumbi wa mapokezi wa kituo cha polisi ulijaa. Madereva wa mabasi walikuja na sare zao, wakasimama hadi barazani. Fundi cherehani alikuwepo, futi bado shingoni. Mama Pole aliletwa na daktari, mkono ndani ya plasta, maana amri ya kumfikisha mahakamani ilikuwa haijafutwa. Alikaa pembeni ya benchi. Upande wa pili wa benchi hilohilo alikaa baba wa muuguzi. Hakumtazama.

Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni pa ofisi yake na maelezo ya Injinia mkononi. Alikuwa ameyasoma.

"Inspekta, hili tungeliongelea ndani," alisema.

"Mama huyu alitukanwa nje, mkuu."

Mkuu aliwatazama madereva, akawatazama wale waliojaa barazani. Mlango hakuufunga.

Sajini alimleta Injinia na pingu. Inspekta alimgeukia yule mwashi, akamweleza kila kitu kwa maneno machache, kuanzia swichi hadi chupa. Mzee alisikiliza akitazama sakafu. Ilipofika habari ya Mama Pole kuchagua ukuta, aliinua kichwa, akamtazama yule mama kwa mara ya kwanza.

"Jana nilikuapiza," alimwambia. "Barabarani pale, mbele za watu."

"Nisingekuzuia, kaka yangu," Mama Pole alisema. "Hata mimi nilijiapiza."

Injinia alipiga magoti. "Mzee, nisamehe. Nisamehe, baba."

"Inuka."

"Nisamehe kwanza."

"Inuka, nimesema! Mimi bado sijamzika mtoto, wewe unataka nikufariji?" Mzee alisimama. "Msamaha wangu utauomba kwa Mungu, atakuelekeza. Mimi nina neno moja. Huyu mama ulimvisha damu ya mwanangu. Mvue. Hapa hapa, watu wakisikia. Usije ukafika kwa hakimu na wakili wako ukageuka, ukasema polisi walikutisha."

Injinia aliinuka taratibu, akafuta pua kwa bega kwa sababu ya pingu. Aliyasema kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Rudia," mzee alisema. "Waliosimama barazani hawajasikia."

Injinia aliwageukia madereva.

"Mbele yenu nyote naahidi," alisema, safari hii kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Leo nikisimama mbele ya hakimu, nitasema hivi: betri niliijaza mimi. Chupa niliiweka mimi. Mama Pole aliniuliza, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Yeye hakuua mtu."